Mkono Unaolala Usiku

Iwapo uko jikoni Nyalenda, ufuoni Dunga, sokoni Kibuye, au uko ng'ambo kule Mbita na Usenge ukianika omena, karibu tuketi pamoja. Usiache kazi yako. Endelea nayo huku ukisikiliza, ila nitakuomba mara moja tu leo uweke kisu chini na unyooshe mikono.

Nianze na swali. Je, umewahi kuamka saa nane za usiku vidole vimekufa ganzi, ukaketi kitandani ukiukung'uta mkono kana kwamba una maji? Unaukung'uta dakika chache, unapata nafuu, unalala. Saa kumi unaamka tena. Asubuhi ukishika kikombe cha chai kinataka kukuponyoka. Ukimweleza jirani, anasema ni baridi ya ziwa. Ukimweleza mama mkwe, anasema hiyo ni kazi tu, hata yeye ilimshika akiwa na umri wako. Na hakosi mtu wa kunong'ona kwamba kuna anayekuonea kijicho.

Si baridi ya ziwa, mama. Wala si kijicho. Mara nyingi ni neva iliyobanwa, na ubanaji huo unatokea mahali padogo sana, pale pale unapovaa saa au bangili.

Hapo kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba kama handaki. Chini na pembeni ni mifupa midogo ya mkono. Juu, upande wa kiganja, ni ukanda mgumu uliofunika kama paa. Ndani ya handaki hilo hupita kano tisa. Kano ni zile kamba nyeupe zinazovuta vidole, na ninaposema kano sizungumzii Uwanda wa Kano tunakolima mpunga! Umeziona ukikata miguu ya kuku: ukivuta ile kamba nyeupe, vidole vya kuku vinajikunja, na watoto hupenda sana kuchezea. Pamoja na kano hizo tisa hupita neva moja, ndiyo inayopeleka hisia kwenye vidole na nguvu kwenye gumba.

Kwa hivyo abiria ni kumi na gari ni dogo. Kano zikivimba kidogo, au mwili ukijaa maji, au kifundo kikikaa kimepinda kwa muda mrefu, hakuna anayeweza kushuka. Mifupa haisogei, paa halitanuki. Anayeumia ni yule laini kuliko wote, yaani neva. Daktari huita hali hii ugonjwa wa handaki la kifundo cha mkono, na kwenye kitabu chako cha hospitali huenda akaandika herufi tatu tu: CTS. Ukiziona, sasa unajua maana yake.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini, kwa sababu mimi mwenyewe lilinipita. Neva hiyo inahudumia gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati, na nusu ya kidole cha pete, ile nusu inayotazama kidole cha kati. Kidole kidogo hakimo. Kidole kidogo kina neva yake nyingine, inayopita njia nyingine. Kwa hivyo mama anayesema, "Vidole vyangu vinakufa ganzi lakini hiki kidogo kiko sawa," ameshakupa jibu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa muuguzi kijana katika zahanati moja ambayo sitaitaja, alikuwa akija mama aliyekuwa akikaanga samaki. Alinieleza hivyo hivyo, kwamba kidole kidogo kiko sawa. Mimi nilikuwa na foleni ndefu mlangoni. Nilimpa vidonge vya maumivu, nikamwambia apumzike. Apumzike vipi, na watoto wanne na karai la mafuta likimsubiri? Alirudi mara tatu, na mara zote tatu nilimpa vidonge vile vile. Mara ya nne alikuja na malengelenge kwenye kidole cha shahada na cha kati. Alikuwa ameshika ukingo wa karai la moto na hakuhisi. Aliona ngozi ikibadilika rangi ndipo akajua. Nilipougeuza mkono wake niliona nyama iliyo chini ya gumba, ile inayojaa kiganjani, imenywea na kubaki bonde. Hiyo ni dalili kwamba neva imebanwa kwa muda mrefu hata misuli imeanza kufa njaa. Nitarudi kwake baadaye.

Nani hupata ugonjwa huu? Yeyote anaweza, lakini wanawake huupata kuliko wanaume, hasa kuanzia miaka 40 hadi 60. Wenye ugonjwa wa sukari wamo. Wenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, wenye baridi yabisi ya viungo, wenye uzito mwingi, na waliowahi kuvunjika kifundo cha mkono, wote wamo. Ndiyo maana ukifika kituo cha afya na ganzi hii, omba pia upimwe sukari. Kuna watu wamegundua kwamba wana kisukari kupitia vidole vyao.

Na mama mjamzito yumo sana. Miezi mitatu ya mwisho mwili hujaa maji, na maji hayo hayachagui pa kukaa. Pete inakataa kutoka, viatu vinabana, na usiku mikono inalala. Kwa wengi hali hii huisha yenyewe wiki au miezi michache baada ya kujifungua, kwa hivyo usiogope. Lakini nakuomba utofautishe mambo mawili. Ganzi ya vidole peke yake si dharura. Kuvimba uso na mikono ghafla, pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, au maumivu ya juu ya tumbo, hiyo ni hatari ya kifafa cha mimba. Usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, upimwe presha na mkojo. Na mjamzito asijinunulie diklofenaki wala ibuprofeni dukani kwa ajili ya mkono. Aulize kliniki kwanza.

Tuje kwenye kazi, maana hapa ndipo tunaweza kujisaidia. Sitakudanganya kwamba ukifuata nitakayosema hutaupata ugonjwa huu kamwe. Wengine wamezaliwa na handaki jembamba, na hilo huwezi kulibadilisha. Lakini mambo matatu yanajulikana kuumiza: kukunja kifundo, kukamata kwa nguvu, na kurudia kitendo kile kile mara nyingi bila kupumzika. Yakikutana yote matatu, neva haina pa kukimbilia.

Na yanakutana wapi? Kwenye beseni la nguo! Hebu fikiria unavyokamua blanketi au suruali ya jinzi. Umekamata kwa nguvu zako zote, umekunja vifundo viwili kila kimoja upande wake, na nguo ni arobaini. Jaribu hivi: loweka usiku kucha ili usisugue sana. Nguo nzito usiikamue kwa mikono miwili hewani. Izungushe kwenye nguzo ya kamba ya nguo au kwenye shina la mti safi, shika ncha zote mbili pamoja, kisha rudi nyuma kwa uzito wa mwili, kifundo kikiwa kimenyooka. Au iache ininginie ikichuruzika. Jua la Kisumu saa saba halihitaji msaada wako. Na kama una kijana wa miaka kumi na tano ndani ya nyumba, mvulana au msichana, blanketi lina ncha mbili.

Samaki nao. Mama anayetoa magamba ya ngege asubuhi nzima, au wale wanaokaanga mgongo wazi pale Obunga na kugeuzageuza vichwa vya mbuta kwenye karai siku nzima, mikono yao hurudia kitendo kimoja maelfu ya mara. Kwanza, noa kisu. Kisu butu hukulazimisha kukamata kwa nguvu maradufu. Pili, unenepeshe mpini. Chukua kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, au kitambaa cha leso kuukuu, uzungushie mpaka ujaze kiganja. Mpini mwembamba kama penseli hubanwa kwa ncha za vidole, na kubana kwa ncha za vidole kunachosha kuliko kushika kwa kiganja kizima. Tatu, inua kazi. Ukiwa umechuchumaa na samaki yuko chini kwenye gunia, lazima kifundo kipinde. Weka ubao juu ya kreti mbili, ufikie usawa wa kiuno, uone tofauti. Najua kreti si bure, lakini hata debe lililopinduliwa linafaa.

Kwa omena, wengi huzigeuza kwenye nyavu kwa mikono wakiwa wameinama. Tumia reki nyepesi au ufagio wenye mpini mrefu. Mgongo utakushukuru pia, ingawa mgongo si mada yetu ya leo.

Ugali hatuwezi kuacha kusonga, hilo tukubaliane. Lakini sufuria ikiwa juu na wewe umesimama chini, unasonga kwa kifundo. Shusha jiko, au simama juu ya kitu imara, ili mwiko utoke begani na kifundo kibaki kimenyooka. Shika mwiko kwa mikono miwili unga unapokaza. Ninachowaonea huruma zaidi ni wale wanaopika matanga. Sufuria kubwa, mwiko kama kasia, siku tatu, na utakuta ni wanawake wawili watatu wale wale tangu alfajiri kwa sababu wanasifiwa kwamba ugali wao hauna madonge. Tafadhali, wazee wa boma na kamati za matanga, wapangieni zamu. Nusu saa mtu anasonga, nusu saa anakata mboga au anagawa sahani.

Jerikani la lita 20 lina uzito wa kilo 20, na kishikio chake huingia kwenye vidole kama kamba. Zungushia kitambaa. Badilisha mkono kabla haujaomba. Ukiweza, beba lita kumi kumi kwa mikono miwili, au weka mzigo kwenye mkokoteni. Mpalizi wa mpunga kule Ahero, msusi wa nywele, fundi wa cherehani, mfumaji wa vikapu vya mafunjo na wa gugumaji, kwenu neno ni moja: kila baada ya nusu saa hivi, acha. Nyoosha vidole, vifungue na kuvifunga polepole, tikisa mikono, halafu endelea. Dakika moja haitakufukuzia mteja. Na wewe unayelala umeshika simu usoni hadi saa sita za usiku, kifundo chako nacho kimekunjwa muda wote huo.

Kuna jambo la mama anayenyonyesha. Akimpakata mtoto, mkono unaoshika kichwa hukunjwa ndani, na mtoto hunyonya nusu saa. Weka mto au leso iliyokunjwa mara kadhaa chini ya mtoto ili uzito ukae hapo, si kwenye kifundo. Badilisha upande. Na ukimwinua mtoto kutoka kitandani, usimshike makwapani huku magumba yamepanuka kama mkasi. Pitisha viganja chini yake, kimoja matakoni na kingine mgongoni, umnyanyue kama unavyochota maji. Nasema hivi kwa sababu kina mama wenye watoto wachanga hupata pia maumivu upande wa gumba, pale chini yake kwenye kifundo, na hayo ni ya kano. Yanauma, lakini hayaleti ganzi. Usichanganye.

Sasa weka kisu chini. Nyanyua mikono mbele ya kifua, iache vifundo vilegee na vidole vielekee chini, kisha ugusanishe mgongo wa kiganja kimoja na mgongo wa kingine. Kaa hivyo kwa dakika moja, mimi nikiendelea kuongea. Kipimo hiki kilienezwa na daktari mpasuaji wa Marekani, George Phalen, katika miaka ya 1950. Hakihitaji mashine wala pesa. Kama kabla ya dakika kwisha unahisi sindano au ganzi kwenye gumba, cha shahada na cha kati, kuna uwezekano neva yako inabanwa. Kipimo hiki hukosea mara nyingine, kwa hivyo usijihukumu nacho. Kichukue kama sababu ya kwenda kuonwa. Haya, shusha mikono.

Usiku ndio wakati wa kutibu. Tukilala tunakunja mikono chini ya mto au chini ya shavu bila kujua, na ndiyo maana ganzi hutuamsha. Dawa ya kwanza si kidonge. Ni kukinyoosha kifundo wakati wa kulala. Kitengo cha fiziotherapia hospitalini kinaweza kukupa kifaa cha kuvaa mkononi. Ukiwa bado hujafika, kata kipande cha katoni ngumu, upana wa kiganja chako, kiende kutoka katikati ya kiganja hadi katikati ya mkono wa chini. Kiweke upande wa kiganja juu ya kitambaa laini, ukifunge kwa leso, vidole na gumba vikiwa huru. Kifundo kikae kimenyooka, kisiinamie mbele wala nyuma. Usikaze. Vidole vikiwa baridi au vikivimba, legeza. Fanya hivyo kila usiku kwa wiki sita kabla ya kusema hakijasaidia. Wengi hujaribu usiku mmoja, wakaona joto, wakakitupa.

Lakini usimruhusu mtu akukate chale kwenye kifundo ili atoe "damu mbaya". Neva iko karibu sana na ngozi hapo. Wembe ukiifikia, ganzi ya usiku itakuwa ganzi ya maisha.

Si kila ganzi ni ya handaki hili. Ikiwa ganzi imeanzia kwenye nyayo, miguu yote miwili, kisha ikapanda na kufika mikononi kama soksi na glavu, fikiria sukari, au dawa. Hapa kwetu kando ya ziwa watu wengi hunywa dawa za virusi vya Ukimwi au za kifua kikuu, na tuongee wazi. Zamani dawa ya stavudini iliwaletea wengi moto na ganzi miguuni, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane nayo. Dawa ya isoniazidi ya kifua kikuu inaweza kupunguza vitamini B6 mwilini, ndiyo maana hutolewa pamoja na kidonge cha piridoksini. Ukihisi ganzi, usiache dawa zako hata siku moja. Mwambie mhudumu, kuna la kufanya. Ukiona baka la ngozi lililofifia rangi ambalo halihisi ukiligusa, nenda upimwe ukoma. Ukoma unatibika na dawa zake hutolewa bure. Na iwapo mkono umelegea ghafla, mdomo umeenda upande, au maneno hayaeleweki, hicho ni kiharusi, na hakingojei asubuhi.

Nenda kituo cha afya mapema ikiwa ganzi haiishi hata mchana, ikiwa vitu vinakuponyoka, ikiwa huwezi kufunga kifungo cha shati la mtoto, au ikiwa nyama ya chini ya gumba inanywea. Ukifika, usiseme tu "mkono unauma". Sema ni vidole vipi, na useme kidole kidogo kikoje. Utatumwa fiziotherapia. Ikilazimu, daktari anaweza kukuchoma sindano ya dawa ya kupunguza uvimbe kwenye kifundo, ambayo huleta nafuu kwa muda. Isiposaidia, kuna upasuaji mdogo: mahali panatiwa ganzi, wewe uko macho, daktari anakata lile paa la handaki ili neva ipate nafasi. Mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kidonda hupona katika wiki chache, lakini nguvu za kushika huchukua muda zaidi, kwa hivyo panga nani atakayekufulia.

Yule mama wa karai tulimpeleka hospitali kubwa akafanyiwa upasuaji huo. Usingizi ulirudi wiki ile ile. Hisia za vidole zilirudi polepole, mwezi baada ya mwezi. Ile nyama ya gumba haikurudi yote. Hadi leo hawezi kufungua chupa iliyokazwa, anampa mjukuu. Anakaanga bado, ila koleo lake lina mpini mnene aliouzungushia mpira wa baiskeli, na binti yake ndiye anayenyanyua karai.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya kuungua kwa watoto jikoni. Kwaheri, na usiku mwema.